Mhandisi Hachaguliwi Mnadani

Mwamba ngoma, wasema wazee wetu, ngozi huivuta kwake. Kwa sababu hiyo, kila mara watu wa kazi moja wanapoungana na kwenda serikalini kudai sheria iwafaayo, ni haki ya raia kuwatazama kwa jicho la hadhari na kuuliza ngozi hiyo yavutwa upande gani. Wenye mashamba makubwa wamekwisha kudai sheria, wenye maduka wamedai, wenye magari wamedai. Na wote husema wanadai kwa manufaa ya umma. Hatujapata kumsikia mtu aliyesimama mbele ya Bunge akasema, "Nipeni sheria hii, nipate kujaza mfuko wangu."

Hata hivyo, hadhari si ukaidi. Yawezekana mwamba ngoma akaivuta ngozi kwake, na ngoma ikalia vyema masikioni mwa kijiji kizima. Kazi ya raia mwenye akili si kulikataa kila dai litokalo kwa wenye makampuni, wala kulikubali kwa kuwa limeandikwa kwa lugha tamu. Kazi yake ni kulipima. Leo twataka kulipima dai moja ambalo huzungumzwa sana na mabwana wakubwa maofisini, lakini huzungumzwa kidogo mno na wale ambao roho zao hutegemea jibu lake, yaani wafanyakazi. Dai hilo ni la makampuni ya wahandisi washauri, nalo ni hili: kwamba Serikali inapotafuta mtu wa kuchora na kupiga hesabu za daraja, bwawa, barabara au jengo, isimchague kwa kutazama nani ametaja bei ya chini kuliko wenzake.

MHANDISI MSHAURI NI NANI?

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Mhandisi mshauri si mkandarasi. Mkandarasi ndiye aletaye matingatinga, saruji, nondo na vibarua, akajenga. Mhandisi mshauri humtangulia: hupima udongo, huhesabu uzito ambao nguzo itaubeba na maji ambayo mto utayaleta wakati wa masika, huchora ramani, huandika masharti ya kazi, na baadaye husimama upande wa mwenye mali kuangalia kama mkandarasi ametia nondo zilizoandikwa au amezipunguza. Ajengaye huonekana, ahesabuye haonekani. Lakini aliyehesabu akikosea, hata fundi mwaminifu kuliko mafundi wote atalijenga kosa hilo kwa uaminifu ule ule.

Makampuni ya kazi hii yana vyama vyao katika nchi nyingi, na yana umoja wao wa dunia, ujulikanao kwa herufi FIDIC, ulioundwa mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1913. Moja ya shughuli za vyama hivyo ni kubisha hodi katika milango ya serikali: kuwaandikia wabunge, kutoa maelezo mbele ya kamati, kutetea sheria hii na kuipinga ile. Nchini Marekani shughuli hiyo imefanywa kwa muda mrefu na kwa nguvu nyingi, nayo imeacha alama katika sheria na hukumu ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Kwa hiyo tutaanza na Marekani, si kwa kuwa ni mwalimu wetu, bali kwa kuwa huko dai hili limekwisha kupitishwa katika kila tanuri: Bungeni, mahakamani, na katika sanduku la kura.

SHERIA YA BROOKS

Kwa miaka mingi desturi ya idara za Serikali ya Marekani ilikuwa kuwachagua wahandisi na wasanifu wa majengo kwa kutazama ujuzi wao. Mwaka 1967 ofisi ya Mdhibiti Mkuu wa Hesabu ilitoa shauri kwamba, kwa jinsi sheria zilivyoandikwa, watu hao nao walipaswa kushindanishwa kwa bei kama wauzaji wengine, isipokuwa Bunge lenyewe liseme vingine. Vyama vya fani hiyo vilishtuka, vikaenda Bungeni kuomba Bunge liseme vingine. Tarehe 27 Oktoba 1972 Rais Nixon alitia sahihi Sheria Na. 92-582, ambayo wengi huiita Sheria ya Brooks kwa jina la Bw. Jack Brooks, Mbunge wa kutoka Texas aliyeipigania.

Utaratibu wake ni huu. Idara yenye kazi huitangaza kazi hiyo hadharani. Makampuni hueleza ujuzi wao, watu walio nao, na kazi walizokwisha kuzifanya. Idara hujadiliana na makampuni yasiyopungua 3, kisha huyapanga kwa sifa: la kwanza, la pili, la tatu. Hapo ndipo bei huingia. Idara huketi na kampuni ya kwanza kupatana ujira wa haki na wa kadiri. Wakishindwa kupatana, mazungumzo hufungwa rasmi, na kampuni ya pili huitwa. Kwa hiyo si kweli kwamba bei imefukuzwa. Imeambiwa tu isubiri zamu yake. Majimbo mengi ya nchi ile yamejitungia sheria za namna hiyo hiyo.

Je, sababu zao zina uzito? Sisi twaona zinao, na tutaeleza kwa nini.

Mtu anunuapo saruji, aweza kuandika katika karatasi aina aitakayo, mifuko mingapi, nguvu kiasi gani. Na ikifika, aweza kuipima. Akishindanisha wauzaji wa saruji kwa bei, hapotezi kitu, maana mfuko ni ule ule. Lakini anunuaye kazi ya mhandisi mshauri ananunua fikira ambazo bado hazijafikiriwa. Hawezi kuziona kabla ya kuzilipia. Hukumu yake juu ya kitu asichokiona haina budi kutegemea mambo mawili tu: mtu huyu ni nani, na amekwisha kufanya nini.

Sasa mwenye kampuni akiambiwa kwamba atakayetaja kidogo ndiye atakayepata, atapunguzaje bei yake? Hawezi kupunguza bei ya udongo wala ya mto. Atapunguza idadi ya mashimo ya kupimia udongo. Atamtuma mwanafunzi mahali palipohitaji bingwa. Atachukua ramani ya daraja lililojengwa juu ya mto mwingine akaibadilisha jina. Atakwenda kukagua kazi mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Na hakuna hata moja katika hayo litakaloonekana siku ile bahasha za zabuni zinapofunguliwa, watu wakapiga makofi kwa kuwa Serikali imeokoa fedha. Mnada wa namna hii huwatoa kwanza wale wanaokusudia kufanya kazi yote, na kumbakiza yule aliyekusudia kuiacha nusu. Rahisi huvunja upishi.

Na fedha hizo zilizookolewa ni kiasi gani? Mwaka 1939 sheria ya Marekani iliweka mpaka kwamba ujira wa kuandaa michoro na ramani za majengo ya Serikali usizidi asilimia 6 ya gharama inayokisiwa ya ujenzi. Tuseme basi katika kila shilingi 100, mchoraji anapata shilingi 6 au chini yake, na shilingi 94 zinakwenda katika chuma, saruji, mitambo na mishahara. Anayeng'ang'ania kupunguza shilingi moja katika zile 6, na kwa kufanya hivyo akapata mchoro mbovu utakaopoteza shilingi 20 katika zile 94, huyo si mwekevu. Ni kama mtu aliyekataa kununua kufuli akapoteza ng'ombe.

MTO ST. LAWRENCE, 1907

Anayedhani kwamba twatia chumvi na atazame yaliyotokea Kanada, jirani ya Marekani, miaka zaidi ya 60 kabla ya Sheria ya Brooks. Huko, karibu na mji wa Quebec, kampuni moja ilikuwa ikijenga daraja kubwa la chuma juu ya mto St. Lawrence. Fedha zake zilikuwa haba. Mhandisi mshauri wake alikuwa Bw. Theodore Cooper wa New York, mtu aliyeheshimiwa mno katika fani yake. Mjenzi alikuwa kampuni ya Phoenix ya Pennsylvania, ambayo Bw. Cooper mwenyewe aliipendekeza mwaka 1899 kwa kuuona mpango wake kuwa bora na wa bei nafuu kuliko mingine.

Nafasi kati ya nguzo kuu mbili, ambayo kwanza ilikusudiwa kuwa futi 1,600, iliongezwa ikawa futi 1,800. Daraja likirefuka, uzito wake nao huongezeka; lakini hesabu za uzito hazikurudiwa ipasavyo, na chuma kikachorwa kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba. Bw. Cooper alikuwa mzee mwenye afya dhaifu, wala hakwenda kuliona daraja wakati vyuma vyake vilipokuwa vikisimamishwa juu ya maji. Alikaa New York, akiletewa habari.

Mwezi Agosti 1907 vyuma vya chini vilianza kupinda, na kupinda kwenyewe kukazidi siku hadi siku. Kijana aliyemwakilisha pale kazini alisafiri hadi New York kumweleza. Bw. Cooper alipeleka simu ya maandishi kwamba uzito zaidi usiongezwe. Lakini aliipeleka Pennsylvania katika ofisi za mjenzi, si Quebec walikokuwa watu. Kazi haikusimamishwa. Jioni ya tarehe 29 Agosti, karibu na saa ya kutoka kazini, upande wa kusini wa daraja ulianguka mtoni. Kati ya wafanyakazi 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa. Katika hao, 33 walikuwa Wamohawk, watu wa asili wa nchi ile, wote wa kijiji kimoja cha Kahnawake.

Tume ya Kifalme iliyochunguza jambo hili ilitoa taarifa yake mwaka 1908. Iliweka makosa ya hukumu juu ya Bw. Cooper na juu ya mchoraji mkuu wa kampuni ya Phoenix. Lakini pia iliona kwamba wasaidizi wa Bw. Cooper hawakutosha, na kwamba malipo aliyopewa yalikuwa madogo mno, hata hayakuweza kumwajiria wasaidizi waliohitajika. Ndugu mfanyakazi, hapa ndipo unapoliona dai la wahandisi katika sura yake ya kweli. Ujira wa mhandisi ukipunjwa, yeye hubaki ofisini mwake. Anayeanguka na daraja ni yule aliye juu yake na nyundo mkononi.

UPANGA WA MAKALI MAWILI

Lakini kisa hiki hiki kina makali ya pili, na makali hayo hayakati upande wa Serikali tu. Mwaka 1903 Wizara ya Reli na Mifereji ya Kanada ilitaka mhandisi wa Serikali aipitie michoro kabla ya kuikubali. Bw. Cooper alikataa kwa ukali; aliona ni kuvunjiwa heshima kusahihishwa na mtu mwingine. Wizara ilirudi nyuma, na neno lake likabaki kuwa neno la mwisho. Kwa hiyo tusiseme ni fedha chache peke yake zilizowaua watu wale. Ujira mdogo ulimnyima wasaidizi. Kiburi cha fani kilimnyima msahihishaji.

Baada ya msiba ule Serikali iliichukua kazi mikononi mwake, ikaunda bodi ya wahandisi wa kuichora upya. Hata hiyo haikuwa kinga kamili, maana mwaka 1916 sehemu ya kati ilianguka ilipokuwa ikiinuliwa, wakafa watu 13. Mwaka 1917 daraja lilikamilika, na limesimama hadi leo. Fundisho lake si kwamba Serikali haikosei. Fundisho ni kwamba hesabu za mtu mmoja hazitoshi, na kwamba jicho la pili, lililo la umma, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Basi tukirudi Marekani, tutaona kwamba vyama vya wahandisi navyo vimepata kuivuta ngozi kupita kiasi. Chama cha Taifa cha Wahandisi, kijulikanacho kwa herufi NSPE, kiliandika katika kanuni zake za maadili kwamba mwanachama asimpe mteja bei ya ushindani kabla ya kuchaguliwa. Serikali ilikipeleka mahakamani kwa Sheria ya Sherman ya mwaka 1890, ile inayokataza wafanyabiashara kupatana ili kuzuia ushindani. Chama kilijitetea kwa hoja ile ile tuliyoieleza: kwamba bei ya chini huleta kazi mbovu na hatari kwa umma. Tarehe 25 Aprili 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa utetezi huo.

Huenda msomaji akauliza: imekuwaje hoja moja ikubaliwe na Bunge mwaka 1972 na kukataliwa na Mahakama mwaka 1978? Hakuna ajabu. Bunge lilikuwa likisema kwa niaba ya mnunuzi, yaani umma, ya kwamba, "Mimi ninunuapo, nitatazama ujuzi kwanza." Mnunuzi ana haki hiyo. Chama kilikuwa kikisema kwa niaba ya wauzaji, ya kwamba, "Sisi tumekatazana kumtajia mnunuzi bei." Wauzaji hawana haki hiyo. Dai likiwa la haki, na lipelekwe mchana mbele ya wawakilishi wa watu, likajadiliwe na kupigiwa kura. Lisifungwe gizani kwa mapatano ya wenyewe kwa wenyewe.

KURA YA CALIFORNIA

Jambo la tatu lawahusu wafanyakazi waziwazi zaidi. Katika jimbo la California barabara kuu na madaraja kwa muda mrefu yalichorwa kwa sehemu kubwa na wahandisi walioajiriwa na jimbo lenyewe. Katiba ya jimbo, kama mahakama zilivyoifasiri, ililinda utumishi wa umma, ikazuia kazi yao kuhamishiwa ovyo kwa makampuni. Na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilishikilia tafsiri hiyo. Chama cha wahandisi wa serikali ya jimbo, PECG, kilikwenda mbele zaidi: Juni 1998 kilileta kura ya maoni, Pendekezo Na. 224, kutaka gharama zilinganishwe kabla ya kazi kutolewa nje. Wapiga kura walilikataa.

Ndipo makampuni ya wahandisi washauri na wenzao walipoleta pendekezo lao, Na. 35, lililopigiwa kura tarehe 7 Novemba 2000. Lilitaka katiba iiruhusu serikali ya jimbo na ya miji kuyapa makampuni kazi za uhandisi na usanifu bila kizuizi kile. Wao walisema kazi zimerundikana, barabara zimesongamana, na kwamba si busara kuajiri mtu wa kudumu kwa kazi ya miaka miwili. Wahandisi wa serikali walisema saa moja ya mtu wa kampuni hugharimu zaidi kuliko saa yao, na kwamba milango ya upendeleo itafunguliwa. Pendekezo Na. 35 lilishinda, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya California ikathibitisha nguvu yake.

Hatusemi kwamba makampuni hayakuwa na hoja. Kazi zikirundikana, mwananchi ndiye anayesubiri. Lakini tazama jambo moja ambalo katika kelele za kura husahauliwa kwa urahisi. Sheria ya Brooks husema idara ipatane na kampuni iliyo bora ujira wa haki na wa kadiri. Nani atajua kwamba ujira huo ni wa haki? Si karani wa hesabu. Ni mhandisi aliyeketi upande wa Serikali, anayejua kazi ile yataka siku ngapi, watu wangapi na mashimo mangapi ya udongo, kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kuifanya. Mhandisi huyo akiondolewa, na kazi yote ikapelekwa nje, basi Serikali huketi mezani kama mtu asiyejua kusoma akitiliana sahihi ya mkataba na wakili. Hapo hoja nzuri ya kuchagua kwa ujuzi hugeuka kuwa hundi isiyoandikwa kiasi.

Hili ndilo kiini cha maneno yetu yote. Dai la wahandisi washauri kwamba wasichaguliwe mnadani ni la haki. Lakini ni la haki pale tu umma unapobaki na wahandisi wake wenyewe wawezao kuukagua mchoro na kuubishia ujira. Mambo haya mawili ni kama mbavu mbili za ngazi moja. Ukikata mmoja, usipande.

NA KWETU JE?

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Tanzania tunaijua vizuri nguvu ya yule ashikaye kalamu ya michoro. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilipimwa na kuchorwa na wahandisi wa China. Bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, lilichorwa na washauri wa Sweden. Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa wakati wa Uhuru wahandisi wetu walikuwa wachache mno. Leo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997, huandikisha wahandisi na makampuni ya ushauri; makampuni ya wananchi yapo, na yana chama chao. Na sheria zetu za ununuzi wa umma zimekwisha kukubali kwamba ushauri haununuliwi kama saruji: ziko njia za kuchagua kwa ubora, kwa ubora na bei pamoja, na kwa bei ndogo zaidi kwa kazi nyepesi zilizozoeleka.

Kwa hiyo vita yetu si ya kutunga kanuni mpya. Ni ya kuangalia njia ipi inachukuliwa kwa kazi ipi, na nani anayechagua. Ofisa aliye na hofu ya wakaguzi hupenda bei ya chini, kwa maana bei ya chini haihitaji kuelezwa. Tarakimu hujitetea yenyewe. Kuchagua kwa ubora huhitaji ujasiri na maandishi: kwa nini huyu amepata alama hizi, na yule amekosa. Basi maandishi hayo yawe wazi. Penye siri, ubora huwa jina la pili la udugu.

Tena, makampuni yetu wenyewe hayana budi kuwa waangalifu na dai hili. Kuchagua kwa ujuzi hutazama kazi zilizopita. Na aliye na kazi nyingi zilizopita mara nyingi ni mgeni mkubwa. Kampuni changa ya wananchi yaweza kushinda mnadani na kufa kwa njaa, au kushindwa kwa ujuzi na kufa kabla ya kuupata. Dawa si kuirudisha bei kitini. Dawa ni kumtaka mgeni aje bega kwa bega na mwenyeji, tena si kwa jina katika karatasi, bali mwenyeji apewe hesabu zake za kufanya, atie sahihi yake, na awajibike kwazo.

Wala tusisahau kwamba umma nao waweza kushika kalamu. Katika bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, ambalo mkataba wake wa ujenzi ulitiwa sahihi Desemba 2018, kazi ya ushauri na usimamizi ilipewa TECU, kikosi cha ushauri wa kihandisi cha TANROADS. Kikosi cha namna hiyo si adui wa makampuni. Ndicho kipimo chao. Mahali palipo na mhandisi wa umma anayejua kazi, kampuni njema hupata mtu wa kuuthamini wema wake, na kampuni danganyifu hupata mtu wa kuishtukia.

Wafanyakazi walioko kazini nao wana sehemu yao katika jambo hili, wala wasidhani kwamba ni mazungumzo ya wasomi. Kibarua ndiye wa kwanza kuona nondo zimepungua, ukuta umepata ufa, chuma kimepinda. Huko Quebec kupinda kulionekana siku nyingi kabla ya watu kufa. Kilichokosekana ni mtu wa karibu mwenye mamlaka ya kusema "Shukeni." Vyama vya wafanyakazi vinapojadiliana juu ya usalama, visiishie kwenye kofia na viatu. Viulize pia: mhandisi mshauri wa kazi hii ni nani, anakuja mara ngapi, amemwacha nani hapa wakati hayupo, na je, mtu huyo ana uwezo wa kusimamisha kazi leo leo bila ya kungoja jibu kutoka mji mwingine?

Basi mabwana wa makampuni ya ushauri watakapokuja tena na ombi lao, tusiwafukuze mlangoni. Tuwakaribishe, tuwasikilize, na tukubali kwamba fikira za mtu haziuzwi kwa mnada wa kushuka. Kisha tuwaombe nao wakubali, kwa maandishi, michoro yao ikaguliwe na wahandisi wa umma, sababu za kuchaguliwa kwao zitangazwe, na mwakilishi wao akae pale kazini akiwa na mamlaka kamili. Atakayekubali hayo ametaka kazi ya haki. Atakayekataa ajue kwamba Serikali ya Kanada ilimkubalia Bw. Cooper mwaka 1903, na watu 75 wakalipia.